Kitabu cha katuni si kivuli cha filamu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nijibu makala iliyotoka hivi karibuni kwenye kurasa za burudani, ambamo mwandishi wako alidai kwamba vitabu vya katuni vinavyotokana na filamu mashuhuri za kubuni za kisayansi ni makombo ya karamu, bidhaa za kuuzwa mlangoni pamoja na fulana na vikaragosi vya plastiki, na kwamba kipimo pekee cha ubora wake ni jinsi vinavyofanana na kile tulichokiona kwenye skrini. Nusu ya kwanza ya hoja hiyo naikubali kwa kiasi fulani, kwa sababu makombo ni mengi na mimi mwenyewe nimeyanunua. Nusu ya pili ndiyo iliyonishikisha kalamu. Naamini kipimo hicho kimewekwa kichwa chini miguu juu: kadiri kitabu cha katuni kinavyojitahidi kufanana na filamu, ndivyo kinavyozidi kufia mikononi mwa msomaji.

Nianze na hesabu, maana hesabu haina upendeleo. Filamu ya saa mbili, ikienda kwa kasi ya kawaida ya fremu 24 kwa sekunde, ina fremu 172,800. Kampuni ya katuni ya Marvel ilipoigeuza Star Wars, filamu ya vita vya angani, kuwa katuni mwaka 1977, iliigawa hadithi hiyo katika matoleo sita, na ukijumlisha kurasa zote za hadithi unapata kama mia moja hivi. Hata ukikadiria picha sita kwa kila ukurasa, mchoraji alipewa picha mia sita za kusimulia jambo ambalo kamera ilipewa fremu zaidi ya laki moja na elfu sabini. Mtu wa namna hiyo hawezi kunakili hata akitaka, analazimika kuchagua. Je, ausimamishe mkono wenye upanga ukiwa bado juu, au auonyeshe ukiwa umekwisha kushuka? Achore pigo, au uso wa anayelitazama pigo? Na lipi alitupe kwenye ule mwanya mweupe kati ya picha na picha, ili msomaji alimalizie mwenyewe kichwani? Maamuzi hayo ndiyo kazi yenyewe, na hakuna hata moja ambalo filamu inaweza kumfanyia.

Mwandishi wako alisahau pia kwamba mara nyingi wanaochora hawajaiona filamu. Toleo la kwanza la katuni ya Star Wars lilikuwa madukani Marekani mwezi Aprili 1977, ilhali filamu ilitoka Mei 25. Roy Thomas aliyeandika na Howard Chaykin aliyechora walifanya kazi kwa kutegemea mswada wa filamu na picha za matayarisho, nao mswada una mambo ambayo baadaye hukatwa kwenye chumba cha uhariri. Ndiyo maana katika katuni hiyo Luke Skywalker, shujaa kijana wa hadithi, anaonekana mapema akizungumza na rafiki yake wa utotoni, Biggs, mazungumzo ambayo watazamaji wa sinema hawakuyapata, na ndiyo maana kifo cha Biggs vitani mwishoni kinamuuma msomaji kuliko kilivyomgusa mtazamaji. Humo pia yumo Jabba, mkuu wa wahalifu, ambaye katika filamu ya mwaka huo anatajwa tu bila kuonekana. Kwa kuwa umbo lake lilikuwa halijaamuliwa, Chaykin alimchora kama kiumbe mwenye miguu miwili na sharubu ndefu mashavuni, mtu wa kukutana naye njiani ukampisha. Miaka sita baadaye filamu ya tatu ikamleta Jabba wa kweli, dubwana kama konokono asiye na gamba, na sharubu zile zikabaki kuwa kichekesho cha wakusanyaji.

Wapo wanaoyaita hayo makosa. Mimi nayaona kama alama za vidole vya mfinyanzi kwenye chungu. Kitabu kile kilichorwa na watu waliokuwa wakibahatisha sura ya dunia ambayo hakuna aliyekuwa ameiona, na kubahatisha huko kunaonekana katika mistari: michirizi ya wino imekwenda haraka, vyombo vya angani vinapinda kidogo kama vilivyochorwa kwa kumbukumbu, nyuso zinakaribia za waigizaji bila kuzifikia. Kiliuza zaidi ya nakala milioni moja kwa toleo la kwanza, na Jim Shooter, aliyekuwa mhariri mkuu wa Marvel kuanzia mwaka 1978, alieleza baadaye kwamba mapato ya Star Wars ndiyo yaliyoiokoa kampuni katika kipindi kigumu. Makombo yaliyomlisha mwenye karamu!

Ni vyema vijana wakumbuke pia kwamba wakati huo hakukuwa na namna ya kuirudia filamu nyumbani. Kanda za video za Star Wars zilianza kupatikana mwanzoni mwa miaka ya 1980, na kabla ya hapo mtu aliyetoka ukumbini alibaki na kumbukumbu zake, labda na riwaya, na kitabu cha katuni. Kwa wengine mambo yalikwenda kinyume. Mimi nilikijua kitabu kwanza. Kilinifikia kimepita mikono mingi, hakina jalada, na kurasa mbili za mwisho zilikuwa zimechanika, hivyo kwa muda mrefu sikujua vita vile viliishaje na nikawa navimalizia kila usiku kwa namna yangu. Sauti ya Darth Vader, yule adui mkuu mwenye barakoa nyeusi, niliitunga mwenyewe, sauti nyembamba, ya polepole, ya mtu asiyehitaji kupaza. Siku nilipoiona filamu na kuisikia ile sauti nzito ya mwigizaji James Earl Jones, nilikaa kitini nikihisi kwamba kuna mtu amemvisha rafiki yangu koti la mtu mwingine. Nimeizoea sasa, lakini nikikifungua kitabu, ile ya kwanza ndiyo inayorudi.

Hilo la sauti ndilo linalofanya uhamishaji wa filamu za kisayansi uwe mgumu kuliko wa aina nyingine. Filamu hizi zimejengwa juu ya masikio kwa kiwango tusichokitambua. Upanga wa mwanga usiovuma ni kijiti chenye rangi. Chombo kisichonguruma ni sahani. Karatasi haina spika, na mchoraji asiye na busara hujaribu kulipa deni hilo kwa kujaza herufi nene za mlipuko kila kona hadi picha zinakosa pa kupumulia. Anayezungumza Kiswahili anajua kwamba tanakali ya sauti haitupwi ovyo. Mtu anayeanguka mchangani tifu hakuanguka kama aliyeanguka majini chubwi au matopeni pwata. Neno moja linakuambia kilichoanguka, kilipoangukia, na kama kitainuka. Mchora herufi mahiri hufanya vivyo hivyo, hutumia sauti moja pale inapobeba habari, na kwingine kote huacha kimya kifanye kazi.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni kitabu kilichotokana na Alien, filamu ya kiumbe anayewawinda wafanyakazi ndani ya chombo cha angani, kilichotolewa mwaka 1979 na wachapishaji wa jarida la Heavy Metal, kikiwa kimeandikwa na Archie Goodwin na kuchorwa na Walter Simonson. Filamu ile inatisha kwa kuficha: dakika nyingi za ukumbi mtupu, mnyororo unaoning'inia, tone la maji, paka. Simonson alielewa kwamba hofu hiyo haihamishiki, kwa sababu msomaji ndiye anayeshika mwendo wa saa. Akiogopa anaweza kufunga kitabu, au kuchungulia ukurasa unaofuata. Basi akatafuta hofu nyingine. Anabana picha ndogondogo, nyembamba, moja juu ya nyingine, hadi unahisi ukosefu wa hewa ndani ya chombo, kisha anakufanya ufunue ukurasa na kukuachilia mbele ya picha kubwa ambayo hukujiandaa nayo. Hapo kinachokushtua ni mkono wako mwenyewe, kwa kuwa wewe ndiye uliyefunua. Hakuna mwongozaji wa filamu aliyewahi kumfanya mtazamaji awe mshiriki wa kosa kwa namna hiyo. Kitabu hicho kiliingia katika orodha ya New York Times ya vitabu vinavyouzwa sana, na sishangai.

Nikitaka kuwa mkweli lazima nitaje pia aliyejikwaa, naye ni bingwa. Jack Kirby, mmoja wa waasisi wa katuni za mashujaa wa Marekani, aliihamisha filamu ya safari ya angani, 2001: A Space Odyssey, mwaka 1976, miaka minane baada ya filamu. Filamu ile huanza kwa zaidi ya dakika ishirini bila neno hata moja la mazungumzo. Kirby alichora kurasa zenye fahari ambayo sijaiona kwingine, miamba na nyota na lile jiwe jeusi la fumbo vikijaa ukurasa kama ngurumo, halafu akaweka maelezo pembeni yakimfafanulia msomaji kile ambacho filamu ilikataa kukifafanua. Nimejaribu kukisoma kitabu hicho nikiyafunika maelezo kwa kidole, na kinakuwa kitabu kingine. Hata hivyo, namwona Kirby ana heshima kuliko wanakili, kwa sababu alikosea akiwa anafanya jambo lake. Aliendeleza hadithi hiyo kwa matoleo kumi ya kila mwezi, na humo akamzaa mhusika wa roboti mwenye roho ya kibinadamu ambaye baadaye alipata kitabu chake mwenyewe na jina la Machine Man, akaendelea kuishi katika dunia ya Marvel bila kuihitaji filamu.

Wanakili ninaowasema ni wa siku hizi zaidi. Zamani mchoraji alikuwa na picha chache za matangazo. Leo filamu nzima iko kwenye kompyuta yake, anaweza kuisimamisha sekunde yoyote na kufuatisha mistari ya uso wa mwigizaji juu yake. Wenye haki nao wanapenda hivyo, kwa kuwa sura ya mwigizaji ni mali, na mikataba mingi humpa mwigizaji au wakala wake neno la mwisho kuhusu jinsi atakavyochorwa. Matokeo yake ni nyuso zinazofanana kabisa na zisizo hai. Unamwona shujaa akipigiwa kelele na adui huku usoni ana tabasamu lililotoka kwenye tukio lingine kabisa, macho yanatazama nje ya kisanduku kuelekea kamera isiyokuwapo. Mwandishi wako angekipa kitabu kama hicho alama zote, maana kinafanana. Mimi ningekirudisha rafuni.

Sasa nimwonyeshe ukurasa mmoja ambao haufanani na fremu yoyote ya filamu, kwa kuwa tukio lake halimo katika filamu yoyote. Mwisho wa filamu ya kwanza ya Star Wars, Vader hajui jina la rubani aliyeiangamiza ngome yake. Katika filamu ya pili, ya mwaka 1980, tunamkuta akimsaka Skywalker kijana kila pembe ya anga. Katikati kuna shimo, na filamu zilipita juu yake bila kutazama chini. Mwaka 2015, Kieron Gillen aliyeandika na Salvador Larroca aliyechora walishuka ndani yake. Katika toleo la 6 la mfululizo wa Darth Vader, bwana huyo amesimama mbele ya dirisha kubwa la chombo chake, nyota ziko nje, na msakaji aliyemtuma, Boba Fett, anamletea ripoti: rubani ametoroka, kilichopatikana ni jina tu. Jina linatajwa: Skywalker, lililokuwa jina la Vader mwenyewe, na papo hapo anajua kwamba rubani huyo ni mwanawe. Kisha Vader anabaki peke yake na visanduku vya kumbukumbu vinaanza kuingia, mke aliyekufa, uongo aliosadikishwa, na kati ya kumbukumbu na kumbukumbu tunarudishwa kwenye ile barakoa isiyobadilika hata kidogo. Kinachobadilika ni kioo cha dirisha, ambacho kinaanza kufanya ufa.

Naomba msomaji alitafakari hilo. Barakoa ni ileile katika kila picha, na kwa filamu huo ni mzigo, ndiyo sababu ya kuhitaji sauti na pumzi na muziki. Kwa katuni ni neema. Uso usiobadilika ukirudiwa mara tano kwenye ukurasa mmoja, msomaji anaanza kuujaza mwenyewe. Katika kila kisanduku anamwona Vader mwenye huzuni tofauti ingawa wino ni uleule. Mfululizo huo ulikwenda matoleo 25, na ndani yake alizaliwa Daktari Aphra, mwanaakiolojia mjanja asiye na haya, ambaye mwaka 2016 alipewa mfululizo wake mwenyewe. Naye hakutoka kwenye skrini yoyote.

Hapa nafika kwenye lalamiko langu hasa, Ndugu Mhariri, nalo linawahusu wenye haki kuliko mwandishi wako. Kipimo cha kufanana hakiishii kwenye sura. Kinaingia katika hadithi, kinaitwa mwendelezo rasmi, yaani matukio ambayo wenye haki wanayahesabu kuwa ya kweli katika hadithi, na huko kimefanya uharibifu mkubwa zaidi. Waandishi wa Marvel waliokuwa wakiendeleza Star Wars kila mwezi kati ya 1980 na 1983 walikuwa na shujaa wao mmoja, Han Solo, amegandishwa ndani ya bamba la madini mwishoni mwa filamu, nao hawakuruhusiwa kumyeyusha kabla filamu inayofuata haijafanya hivyo. Miaka mitatu mizima walimtafuta mtu ambaye walijua hawatampata. Hilo bado lilikuwa kizuizi cha haki, na wengine walikitumia vizuri.

Kisicho cha haki ni kurudi nyuma na kufuta. Mwaka 1988 kampuni ya Dark Horse ilianza kutoa katuni ya Aliens, ya rangi nyeusi na nyeupe, iliyoandikwa na Mark Verheiden na kuchorwa na Mark A. Nelson, ikiendeleza hadithi pale ilipoachwa na filamu ya pili ya Alien, ya mwaka 1986. Newt, yule msichana mdogo aliyeokolewa, amekuwa mwanamke kijana aliyefungiwa hospitali ya wagonjwa wa akili kwa sababu hakuna anayeamini ndoto zake. Koplo Hicks, askari aliyenusurika pamoja naye, ana makovu usoni na chupa mkononi. Ilikuwa hadithi ya watu wawili walionusurika jambo lilelile, wanaotambuana kwa sababu hiyo. Mwaka 1992 filamu ya tatu ikawaua wote wawili hata kabla hadithi haijaanza. Na vitabu vilipochapishwa upya, yule msichana akawa Billie, yule askari akawa Wilks, na historia yao ikageuzwa kidogo ili isigongane na filamu. Picha ni zilezile. Kovu ni lilelile. Jina tu ndilo lililokwanguliwa kwenye kiputo cha maneno na jingine likaandikwa juu yake, kama kwenye cheti cha kughushi.

Nilivisoma vitabu hivyo kwa majina ya kughushi kwanza, na nakumbuka nilijiuliza kwa nini watu hawa wawili nisiowajua wanatazamana kama waliowahi kuokoana. Hadithi ilikuwa imekatwa mzizi ili tu ikae sawa na filamu ambayo hata wapenzi wa mfululizo huo wengi hawaipendi. Ilibidi kungoja hadi chapa ya kumbukumbu ya mwaka 2016 ndipo Newt na Hicks walirudishiwa majina yao. Lucasfilm angalau ilichagua njia ya uungwana zaidi Aprili 2014, ilipotangaza kwamba sehemu kubwa ya hadithi za Star Wars zilizokuwa zimetungwa nje ya filamu haitafungamana tena na filamu zijazo: vitabu vilipewa chapa ya Legends, vikaachwa vilivyo, na anayetaka kuvisoma anavipata bila jina kubadilishwa. Wapo waliolia siku ile. Mimi nilipumua, maana kuambiwa kwamba hadithi yako si rasmi ni nafuu kuliko kuamka ukute imeandikwa upya.

Kuna kejeli ndogo hapa ambayo siwezi kuiacha. Kampuni ileile ya Dark Horse ndiyo iliyobuni mwaka 1989 wazo la kuwakutanisha viumbe wa Alien na wawindaji wa filamu ya Predator katika kitabu kimoja, na miaka 15 baadaye, mwaka 2004, studio ikatengeneza filamu kutokana na wazo hilo. Hakuna aliyesema wakati huo kwamba filamu ipimwe kwa jinsi inavyofanana na katuni, na ilikuwa sahihi kutosema, ingawa kwa maoni yangu filamu ile ingenufaika kama ingefanana nayo zaidi.

Kwa hiyo namwomba mwandishi wako ajaribu jambo moja kabla ya makala yake ijayo. Achukue kitabu cha Alien cha Goodwin na Simonson, azime runinga, akae mahali penye mwanga wa kutosha, na asome kwa mwendo wake bila kujiuliza filamu ilifanyaje. Akifika kwenye meza ya chakula, pale wafanyakazi wa chombo wanapocheka kwa mara ya mwisho wakiwa wote pamoja, asifunue haraka. Atazame kwanza nyuso zao katika vile visanduku vidogo, kisha autazame mkono wake ulioshika pembe ya ukurasa.

Wako,
Msomaji wa siku nyingi